Mvumu wa Lango

Wivu wa Rozalia haukuanza siku Bernardo alipooa mke wa pili. Hapana, tusimsingizie. Siku ile alipika, akahudumia wageni, akamtandikia Ernesta mkeka kwa mikono yake mwenyewe, na wale waliosema kwamba huyu mama ana moyo walisema kweli. Wivu ulianza baadaye kidogo, kwa sababu ya mti, na wivu ukishampata mtu kama Rozalia, wewe jitafutie pa kusimama.

Mti wenyewe ni mvumu, ule ambao zamani wazee walikuwa wakibandua gome lake na kulipondaponda mpaka likawa nguo. Siku Rozalia alipoletwa Keza akiwa bibi arusi, baba mkwe wake alikata kijiti cha mvumu, akakichonga ncha, akakichomeka langoni mwa boma na kukigongomea, na kijiti kikashika. Ndivyo walivyofanya watu wa ukoo ule: mke aliyeanzisha boma huchomekewa mvumu wake. Na mwanamume wao akirudi kutoka safari ya hatari, hapiti mlango wowote kabla hajaegemeza mgongo kwenye ule mvumu, na mwenye mvumu humwosha miguu. Bernardo aliporudi kutoka kukata miwa Uganda, amekonda kwa homa mpaka shati linamcheza mwilini, Rozalia alimwosha pale pale langoni, majirani wamesimama wanatazama. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza mama wa boma lile ni nani.

Halafu ikaja Operesheni. Watu wakashushwa kutoka mabomani kwao, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, wakaambiwa wajenge upesi kabla mvua haijawakuta nje. Boma la Bernardo likabaki juu kilimani na migomba yake na mvumu wake, na wake zake wawili wakapewa viwanja vinavyotazamana, mmoja huku na mwingine kule, njia katikati. Ernesta alikuwa ameolewa mwaka ule ule wa kuhama. Kuchomekewa mti langoni hakukuwepo tena, kwa sababu lango lenyewe halikuwepo.

Bernardo alikuwa na nguzo za mikaratusi alizopewa misheni kwa kazi ya kuezeka. Nguzo nyofu, kavu, mchwa hawaziwezi. Zote akajengea nyumba ya Rozalia. Zilipokwisha, alipanda juu kwenye boma la zamani, akakata matawi mabichi ya mvumu, akashuka nayo begani kujengea kibanda cha Ernesta.

Rozalia alikuwa anapepeta mahindi alipoyaona. Ungo ukamwanguka.

"Baba Kalista! Hayo umeyatoa wapi?"

"Juu," Bernardo akajibu akitweta.

"Umeukata mvumu wangu?"

"Matawi tu, Mama Kalista. Utachipua. Nguzo nzuri zote nimekupa wewe."

"Nguzo nzuri nilikuomba lini mimi?"

Bernardo akacheka. Wanaume bwana! Mtu anaona mke wake anatetemeka midomo, yeye anacheka. Akaenda kuchimba mashimo ya Ernesta, na Rozalia akabaki ameshika nguzo yake ya mkaratusi, nyofu na kavu, akaichukia kuanzia siku hiyo.

Miaka miwili ya kujenga ikaunyoa mlima wote. Kila mtu alikata alipoona pa kukata, mpaka chemchemi ya chini ikaanza kutoa maji ya kusubiriwa na wanawake wakawa wanagombana kwa ndoo. Ndipo Bwana Miti wa wilaya alipokuja na gari lake, akaitisha mkutano mkuu wa kijiji, akasema bila sheria ndogo ya kijiji watoto wetu watachota vumbi. Akataja miti ya kuhifadhiwa: mninga, mvule, na mingine ya kando ya maji. Atakayekata bila kibali atalima shamba la kijiji peke yake, tena atapanda miche na kuitunza mpaka ishike.

Rozalia akanyoosha mkono. Wanawake hawakuwa na desturi ya kunyoosha mkono mkutanoni, kwa hiyo watu wote wakageuka.

"Ndugu Mwenyekiti, na mvumu je? Mbona mvumu hamkuutaja? Huo ndio unaoshika maji. Uandikwe!"

Mwenyekiti Pancras, mtu mpole mwenye kikohozi kisichopona, akamtazama Bwana Miti. Bwana Miti akasema mama huyu anasema jambo la maana. Makofi yakapigwa, mvumu ukaandikwa, na Rozalia akatiwa kwenye kamati ya miti palepale. Watu wakamsifu kwa kuipenda nchi. Lo! Nchi gani? Roho yake ilikuwa juu kilimani, kwenye mti mmoja tu. Alichotaka ni kwamba Bernardo asipande tena na panga kumkatia Ernesta.

Akawa mkali, usiombe. Alikagua kuni za watu mitaani, akapekua mizigo, akamfikisha mbele ya kamati hata mdogo wa mwenyekiti kwa tawi la mninga lisilotosha mpini wa jembe. Mtu akimwona anakuja alifunika rundo lake kwa majani ya migomba. Haya, kijiji kikapona, chemchemi ikarudi kidogo kidogo. Tumpe haki yake.

Mvua za masika zikanyesha vizuri mwaka ule. Asubuhi moja Rozalia akasikia vigelegele ng'ambo ya njia. Akatoka, akakuta wanawake wamejaa kwa Ernesta, na Ernesta katikati yao, ana haya na furaha pamoja, anaonyesha nguzo ya pembeni ya baraza. Nguzo ilikuwa imechipua. Majani mabichi, mapana, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta, yamechomoza juu ya udongo wa ukuta.

"Dada, njoo uone!" Ernesta akamwita. "Nguzo imeota!"

"Naona," alisema Rozalia. "Sina upofu."

Akarudi kwake. Akakaa kwenye kigoda, akaangalia nguzo zake za mkaratusi, kavu kavu, hata jani moja. Kijiba cha roho kikamkaba. Alichoolewa nacho yeye, alichochomekewa yeye na marehemu baba mkwe, sasa kimesimama barazani kwa mwanamke aliyekuja juzi, kinamwotea majani! Angekuwa peke yake angelia, lakini wapita njia walikuwa wengi, kwa hiyo akachukua jembe na kwenda kulima palipokwisha kulimwa.

Mwaka uliofuata nguzo ikawa mti. Ikatoa matawi, ikapita paa, ikatupa kivuli barazani. Watu wakaanza kuelekezana, "Pita hapo penye mvumu, kwa Bernardo." Penye mvumu, kwa Bernardo! Rozalia akisikia hivyo chakula hakishuki. Bernardo naye jioni akawa anavuta kiti kwenye kile kivuli kwa sababu jua la magharibi lilikuwa linapiga baraza la Rozalia. Ukimwambia Rozalia kwamba sababu ni jua, thubutu, hakusikilizi.

Alitamani kuukata. Lakini ataukataje? Mvumu umeandikwa kwenye sheria, na aliyeuandikisha ni yeye.

Nduli wa Uganda alipoivamia Kagera, wanaume wa mgambo wakaitwa. Bernardo akawa mmojawapo. Siku ya kuondoka alifunga kibegi chake kwa Rozalia, akaagana na Ernesta ng'ambo, kisha akarudi tena kwa Rozalia, akamshika bega.

"Nisikilize, Mama Kalista. Nikirudi salama sitaingia nyumba yoyote. Nitapanda juu kwenye mvumu wetu, nawe utaniosha miguu kama ile mara ya Uganda. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usinikunjie uso."

Kauli gani ilikuwa wazi kuliko hiyo? Angeishika hiyo akalala usingizi. Lakini lori la kuwachukua lilisimama karibu na kwa Ernesta, na Bernardo alipokuwa anapita pale aliinua mkono, akaupitisha kwenye ile nguzo, akachuma jani moja akalitia mfukoni. Jani tu. Labda hata yeye mwenyewe hakujua amechuma. Rozalia aliliona, na maneno yote matamu ya dakika ile yakamtoka kichwani, likabaki jani.

Akawa haoni kitu kingine. Bernardo atarudi amechoka, juu ni mbali, mvumu wa chini uko hapa hapa kando ya barabara. Ataegemea huu. Ernesta atamwosha. Watu watatazama, kama walivyotazama siku ile, na itakuwa imekwisha. Yeye atakuwa mama wa nyumba ya mikaratusi. Akipika, anawaza hilo. Akisali rozari, Mungu amsamehe, katikati ya Salamu Maria anawaza hilo hilo. Hakuogopa Bernardo kufa vitani kama alivyoogopa Bernardo kurudi akakosea mti.

Ulipofika mkutano mkuu wa kijiji, akasimama tena. Sasa walikuwa wamemzoea.

"Ndugu Mwenyekiti, sheria yetu ya miti ina kasoro. Kuna nguzo za nyumba zilizochipua. Nguzo ni mti? Iliingia ardhini haina hata mzizi mmoja, imechongwa, imekufa. Mtu akitaka kubadili nguzo ya nyumba yake, aje kuomba kibali kwa kamati? Mimi nasema kilichochomekwa bila mizizi si mti. Mti ni ule uliojiotea wenyewe, au uliopandwa mche na mizizi yake."

Watu wakacheka, wakaitikia. Nyumba nyingi zilijengwa kwa miti mibichi siku zile za haraka, na kila mwenye nguzo iliyochipua alikuwa anaogopa kuigusa kwa kumwogopa Rozalia huyu huyu. Hii ilikuwa nafuu kwao. Ernesta alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Akainamisha macho.

Aliyesema ni Deodata, shangazi yake Bernardo, mkongwe aliyekuwa akija mikutanoni kwa ajili ya kuota jua tu.

"Rozalia, mwanangu."

"Abee, shangazi."

"Kilichochomekwa bila mizizi si mti. Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri, shangazi."

"Vyote vilivyochomekwa?"

"Vyote!" Rozalia akajibu, na sauti ikampanda. "Sheria haichagui mtu."

Deodata akamtazama sana, kisha akafunga khanga yake. Na hapa, jamani, mimi namlaumu yule bibi. Angesema! Lakini wazee wa kwetu wakishauliza mara mbili hawaulizi ya tatu. Ikapitishwa, ikaandikwa, makofi.

Siku ya zamu ya shamba la kijiji, Ernesta akiwa kwenye kupalilia, Rozalia akajifanya mgonjwa wa kiuno. Akavuka njia na panga. Akakata matawi yote ya ile nguzo, akaikwangua gome upande mmoja mpaka ukatoka utomvu mweupe, akarudi kwake na kulala kama mgonjwa kweli. Ernesta aliporudi hakupiga kelele wala hakuuliza mtu. Hilo lilimkera Rozalia zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Na nguzo ikachipua tena. Akaikata tena. Ikachipua. Kaidi ile! Safari hiyo alikuta mahali alipokwangua pamepakwa mavi ya ng'ombe, yamekauka vizuri, kama mtu anavyofunga kidonda cha mtoto. Akasimama na panga mkononi, akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, akakata hivyo hivyo.

Redio ya kijiji ilipotangaza kwamba Kampala imeshikwa, watu walicheza barabarani. Miezi ikapita, ikaja habari kuwa mgambo wa wilaya yetu ya Ngara wanarudishwa. Wakati huo Rozalia alikuwa Kibimba kwa binti yake Kalista aliyekuwa amejifungua; alimpikia uji, akamkanda, akamshika mjukuu. Aliposikia habari ile alifunga mzigo wake akaanza njia kwa miguu, mwepesi kama msichana. Moyoni alikuwa amekwisha panga: beseni jipya, sabuni ya kipande aliyoificha, na yeye mwenyewe atasimama barabarani amkamate Bernardo mkono ampandishe juu kabla hajatazama upande.

Akapita njia ya mlimani ili auone mvumu wake kwanza.

Alisikia sauti ya tezo kabla hajafika. Ko, ko, ko. Akakuta anga tupu pale ambapo mti ulikuwa. Shina la mvumu limelala chini kati ya migomba, limekwisha chongwa ubavu mmoja, na ndani yake amesimama Nzeyimana, fundi wa mitumbwi ya kukamulia ndizi, anatoa vipande vyeupe huku anapiga mluzi. Mwenyekiti Pancras alikuwa amekaa kwenye kisiki.

"Uwiii!" Rozalia akatupa mzigo. "Mmeua! Mmeua mti wangu! Pancras, nakufikisha mbele ya kamati! Sheria iko wapi?"

Pancras akasimama, akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe.

"Pole na safari, Mama Kalista. Sheria tumeifuata. Mtumbwi wa kijiji umepasuka, na vijana wetu wanarudi, tutawakamulia ndizi kwenye nini? Kamati tukakaa. Mninga hauguswi, mvule hauguswi. Tukauliza mvumu huu uliotaje. Bibi Deodata akasema ukweli wake, kwamba ulichomekwa siku ya arusi yako, kijiti kilichochongwa, bila mizizi." Akanyoosha mikono. "Maneno ni yako, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Rozalia akageuka. Akamtazama Nzeyimana, ambaye sasa alikuwa ameacha mluzi. Akakaa chini juu ya vipande, akaokota kimoja, kibichi bado, akakishika mapajani mpaka jua lilipoanza kuteremka.

Lori likafika siku ya Jumapili baada ya misa. Ngoma, vigelegele, matawi mikononi, ya migomba tu, kwa sababu sheria ni sheria. Mtumbwi mpya ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji, mweupe, mrefu, umejaa pombe ya ndizi yenye povu, na watu wameuzunguka na mirija. Bernardo akashuka, mkono mmoja umefungwa, nywele zimeingia mvi. Watu wakamvuta anywe. Akakataa.

"Kwanza mvumu," alisema. "Mama Kalista yuko wapi?"

Akamwona. Rozalia alikuwa amesimama nyuma ya wote, hana beseni wala sabuni. Bernardo akamjia, amechoka lakini anatabasamu, akampa ule mkono mzima.

"Twende juu. Nilikuahidi."

Watu waliokuwa karibu wakaacha kunywa. Rozalia akatikisa kichwa. Bernardo akageuka kwa mmoja mmoja, hakuna anayemtazama, mpaka Pancras akaja akamgusa bega taratibu.

"Mvumu ni huu hapa, ndugu yangu," akasema, akauonyesha mtumbwi.

Bernardo akautazama mtumbwi muda mrefu. Aliyetoka kuona aliyoyaona huko hakuweza kulia kwa mti, lakini alionekana kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Ndipo Ernesta akapenya katikati ya watu.

"Upo mwingine," akasema. "Tawi lake lipo. Njoo."

Akamwongoza mumewe. Kijiji chote kikafuata, na Rozalia nyuma kabisa, miguu inamvuta tu. Yote aliyoyaogopa yakawa yanatokea mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyatengeneza. Bernardo akafika barazani, akaegemeza mgongo kwenye ile nguzo yenye matawi mafupi mafupi, akafumba macho, akashusha pumzi. Ernesta akatoka ndani na beseni la maji ya moto na kitambaa.

Hakupiga magoti. Akasimama akatafuta kwa macho, akamwona Rozalia kule nyuma.

"Dada," akaita. "Maji yatapoa. Mti ni wako, mwoshe wewe."

Watu wakampisha njia. Bora angemtukana! Bora angemmwagia yale maji ya moto usoni mbele ya Keza nzima, Rozalia angejua la kufanya. Akaja, akapiga magoti, akavua buti la kwanza. Miguu ya Bernardo ilikuwa imechubuka, ina harufu ya njia. Ernesta alikuwa anammiminia maji kidogo kidogo.

Bernardo akafumbua macho, akapapasa nguzo nyuma yake kwa kiganja, akageuka kuangalia.

"Makovu haya yote ni ya nini?"

Mikono ya Rozalia ikasimama ndani ya maji.

"Mbuzi," alisema Ernesta.

"Mbuzi wa nani?"

"Mbuzi tu, Baba. Tega mguu mwingine."

Bernardo akatega mguu mwingine. Rozalia akainamisha kichwa ili watu wasimwone uso, akaendelea kuosha, na hata hilo jibu akamwonea Ernesta wivu.